Majimbo: neno lililotutisha na katiba iliyokufa kwa njaa

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi. Waliouliza, asanteni sana, mimi ni mzima. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya, na leo nimeamua kuwaeleza kwa nini. Itabidi tuzunguke mbali kidogo, mpaka London mwaka 1962, lakini vumilieni, tutarudi nyumbani.

Mwezi jana mhariri alinituma kwenye zahanati moja huku kwetu Pwani. Dawa zilikuwa zimekwisha, wauguzi walikuwa hawajalipwa mishahara ya miezi miwili, na akina mama walikuwa wameketi kwenye benchi nje na watoto wao, wakisubiri mtu wa kuwaambia warudi nyumbani. Nikafanya kile tunachofanya sisi waandishi tunapokuwa na haraka. Niliuliza zahanati ni ya nani, nikaambiwa ni ya kaunti. Nikaandika kwamba kaunti imewatelekeza wagonjwa wake. Habari ikatoka na jina langu juu, nami nikatembea siku mbili kifua mbele.

Siku ya tatu muuguzi mmoja akanipigia simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, uliuliza pesa za kaunti zilitoka Nairobi lini?"

Sikuwa nimeuliza. Nilipouliza, nikaambiwa kuwa mgao wa miezi mitatu ulikuwa haujafika. Sasa jamani, simtetei gavana yeyote hapa. Tunajua ziko kaunti ambazo hata pesa zikifika huyeyuka njiani kabla ya kuifikia zahanati. Lakini mimi niliandika hukumu bila kujua nani alikuwa na kazi, nani alikuwa na pesa, na kwamba hao wawili wanaweza kuwa watu tofauti. Nimesomea siasa chuo kikuu, nina shahada ukutani, na muuguzi akanishinda kwa swali moja.

Jumapili nikaenda kumwona babu. Shikamoo, marahaba, chai ikaletwa, nikamsimulia. Babu ana miaka 84 na zamani alikuwa karani wa serikali hapa Pwani wakati wa Uhuru. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, mimi nimegonga mihuri mitatu katika miaka mitatu, meza ni ile ile na kiti ni kile kile." Muhuri wa kwanza ulikuwa wa Mkuu wa Wilaya, wa Mwingereza. Wa pili ulikuja mwaka 1963, ukasema Ajenti wa Serikali ya Jimbo. Wa tatu ukawa tena wa Mkuu wa Wilaya. "Ule wa katikati," alisema, "haukuwahi hata kuchakaa."

Nimetumia wiki hizi tatu kusoma habari za huo muhuri wa katikati, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuondoe hofu ya neno lenyewe. Wengi wa rika langu tulilikuta neno majimbo likiwa tayari limechafuka. Mwaka 1991 baadhi ya wanasiasa wa chama tawala walifanya mikutano Bonde la Ufa wakitaka majimbo, na walichomaanisha kwa wasikilizaji wao ni kwamba wageni waende kwao. Mapigano yaliyofuata yaliwaua na kuwahamisha watu wengi. Agosti 1997 ikawa zamu yetu: kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wa bara wakachomewa vibanda na kufukuzwa, na neno hilo hilo likawa kwenye vikaratasi na vinywani. Kwa hiyo mtu akitaja majimbo leo, jirani yangu aliyetoka bara na kuishi hapa tangu ujana wake hukaa kimya. Namwelewa. Lakini kabla ya kuwa tishio, majimbo yalikuwa sura nzima za katiba, na katiba hiyo ndiyo iliyopandisha bendera yetu tarehe 12 Desemba 1963.

Sasa shirikisho ni nini hasa? Katika nchi yenye serikali moja, wilaya ni mkono wa serikali kuu. Serikali ikitaka huunyoosha, ikitaka huukunja, na mkono hauulizwi. Katika shirikisho kuna serikali mbili juu ya mwananchi mmoja, kila moja na kazi zake, na hakuna inayoweza kuifuta nyenzake peke yake. Hilo la mwisho ndilo roho ya jambo lote. Ukiwa na baraza la mkoa ambalo rais anaweza kulivunja kesho asubuhi kwa tangazo, huna shirikisho. Una ofisi ya tawi.

Ili serikali hizo mbili zisilane, katiba inapaswa kujibu maswali manne. Nani afanye kazi gani? Pesa za kazi hiyo zitoke wapi? Sehemu ndogo zitasikikaje katika bunge la taifa? Na tukitaka kubadilisha haya yote, nani lazima akubali? Wamarekani walijibu la tatu kule Philadelphia mwaka 1787 kwa kuwa na mabunge mawili: moja la kuhesabu vichwa, na Seneti ambayo kila jimbo, kubwa au dogo, hutoa watu wawili. Sisi tulijibu yote manne London, katika jumba la Lancaster House, kwa mkutano uliofanyika kati ya Februari na Aprili 1962.

Kulikuwa na vyama viwili vikubwa, vyote vilivyoundwa mwaka 1960. KANU ya Jomo Kenyatta, Oginga Odinga na Tom Mboya ilikuwa na nguvu hasa kwa Wakikuyu na Waluo. KADU ya Ronald Ngala wetu wa Kilifi, Masinde Muliro na Daniel arap Moi ilikusanya jamii ndogo ndogo: watu wa Pwani, Wakalenjin, Wamaasai, sehemu ya Waluhya. Hofu ya KADU ilikuwa rahisi kueleza. Mwingereza akiondoka na kuacha kiti kimoja chenye nguvu zote, atakayekikalia ataamua ardhi ya nani ni ya nani. KADU walitaka nguvu hizo zigawanywe kabla kiti hakijakaliwa.

Huku Pwani hofu hiyo ilikuwa na sura yake. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa bado, kwenye karatasi, ni mali ya Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Waingereza kwa mkataba. Wako waliotaka Mwambao ujitenge kabisa au urudi kwa Sultani. Wako waliotaka Kenya moja bila masharti. Majimbo yalikuwa njia ya katikati: tuwe ndani ya Kenya, lakini nyumba yetu iwe na mlango wake. Oktoba 1963 Sultani aliachia haki zake juu ya ukanda huo, kwa makubaliano yaliyohifadhi mambo kama mahakama za kadhi. Mahakama hizo zipo mpaka leo. Mlango wenyewe haukudumu.

Tuwe waungwana, KANU nao walikuwa na hoja. Walisema nchi ni changa, maskini, ina wasomi wachache, na haiwezi kulisha serikali nane badala ya moja. Walisema walowezi wa Kizungu ndio wanaoshangilia majimbo ili walinde mashamba yao, na kweli walowezi wengi waliwaunga mkono KADU. Walisema ukigawa nchi kwa kufuata makabila, utavuna makabila. Nikikumbuka Likoni, siwezi kusema hoja hiyo ya mwisho ilikuwa ya uongo.

Waingereza wakaelemea upande wa KADU, na katiba ikaandikwa ikiwa na vifungu zaidi ya 200. Angalieni ilivyojibu yale maswali manne. Kazi: nchi iligawanywa katika majimbo saba, yaani Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki, huku Nairobi ikiwa peke yake. Kila jimbo lilipewa bunge lake, na mamlaka katika mambo kama ardhi, shule, afya, serikali za mitaa na hata sehemu ya usimamizi wa polisi. Pesa: majimbo yalipewa vyanzo vyake vya mapato na sehemu ya kodi zinazokusanywa na serikali kuu. Sauti: Seneti yenye viti 41, kila wilaya kiti kimoja na Nairobi kimoja, ikikaa kando ya Bunge la Wawakilishi lenye maeneo bunge 117.

Na kufuli? Kufuli lilikuwa la chuma. Kubadilisha sehemu nyeti za katiba, zikiwemo muundo wa majimbo na Seneti yenyewe, kulihitaji asilimia 75 ya Bunge la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Pigeni hesabu. Asilimia 90 ya viti 41 ni maseneta 37. Maana yake maseneta watano tu wakikataa, hakuna kitu kinachoguswa. Nilipofika hapo nilimpigia babu simu nikamwuliza, sasa muhuri wako ulikufaje? Akasema, "Endelea kusoma."

Mei 1963 uchaguzi ukafanyika na KANU wakashinda vizuri bungeni. Lakini KADU walichukua mabunge ya majimbo matatu: Bonde la Ufa, Magharibi na Pwani. Moi akaliongoza lile la Bonde la Ufa, Ngala la Pwani. Kaskazini Mashariki Wasomali waligomea uchaguzi kwa sababu viongozi wao walitaka kuungana na Somalia. Tarehe 1 Juni Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Kwa maneno mengine, katiba ya majimbo ilikabidhiwa itekelezwe na watu waliotangaza hadharani kwamba hawaitaki.

Na hawakuificha nia yao. Septemba 1963 walirudi London kutaka ilegezwe kabla ya Uhuru. KADU wakatishia kuigawa nchi. Waingereza, ambao sasa walikuwa na haraka ya kufunga virago, wakawapa KANU sehemu ya walichotaka: serikali kuu ikapata usemi zaidi juu ya polisi na watumishi wa umma, na kwa sehemu zisizo nyeti za katiba ikafunguliwa njia ya kwenda kwa wananchi kwa kura ya maoni Seneti ikikataa. Kufuli la asilimia 90 likabaki mahali pake.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikufundishwa chuoni, au labda nililala siku hiyo. Serikali ya KANU haikulishambulia kufuli. Iliacha tu kupeleka chakula ndani ya nyumba. Idara zilizopaswa kuhamia majimboni hazikuharakishwa kuhamishwa. Watumishi waliendelea kutazama Nairobi, kwa sababu Nairobi ndiyo iliyowalipa na kuwapandisha vyeo. Pesa ambazo majimbo yalizitarajia hazikuja kama ilivyoandikwa. Ngala na wenzake walikuwa na mabunge, maspika na mijadala, lakini ukitaka barabara ikarabatiwe ulijua pa kwenda, na hapakuwa kwa Ngala.

Babu anakumbuka upande wa chini wa jambo hilo. Anasema barua zilikuja zikiwa na anwani ya jimbo, zikajibiwa kwa muhuri wa jimbo, lakini kila lililohitaji shilingi liliandikiwa barua nyingine kwenda Nairobi. "Watu si wajinga," aliniambia. "Walituona tunasubiri jibu kama wao. Mwishowe wakaacha kuja."

Njaa hiyo ikawafikia na wanasiasa. Mbunge wa KADU aliyeona wenzake wa KANU wakipeleka miradi nyumbani alianza kujiuliza atawaambia nini watu wake. Mwaka 1964 wakaanza kuvuka mmoja mmoja kwenda upande wa serikali, na sheria iliwaruhusu kuvuka na viti vyao. Kisha serikali ikaleta mswada wa kuifanya Kenya jamhuri, na Kenyatta akaweka wazi kwamba Seneti ikiukwamisha atakwenda kwa wananchi. KADU walipiga hesabu wakaona watashindwa. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba chama chake kimejivunja. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ikawa jamhuri na Kenyatta akawa rais wa nchi na kiongozi wa serikali kwa pamoja. Moi akaingia katika baraza la mawaziri.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kufagia. Mabadiliko ya mwishoni mwa 1964 yaliyaondolea majimbo mapato yake ya kujitegemea. Mwaka 1965 majimbo yakaitwa mikoa, mabunge yake yakawa mabaraza tu, na ile asilimia 90 ya Seneti ikashushwa hadi 65 kwa mabunge yote mawili. Aprili 1966, Odinga alipotoka KANU na kundi lake kuunda KPU, ikapitishwa haraka sheria kwamba mbunge anayehama chama anapoteza kiti. Angalieni hilo vizuri. Miaka miwili nyuma KADU walivuka kwenda serikalini na viti vyao na hakuna aliyeulizwa. Waliotaka kutoka serikalini ndio wakaambiwa wakaombe kura upya. Viti 29 vikarudishwa kwa wapiga kura Juni 1966, KPU wakapata 9 tu.

Mwishoni mwa 1966 ikaja zamu ya Seneti. Ilivunjwaje? Kwa kura za maseneta wenyewe. Yaliongezwa maeneo bunge 41 ili kila seneta apate pa kukaa katika bunge moja jipya, na 117 ikawa 158. Muda wa bunge nao ukasogezwa mbele. Ukimuuliza mlinzi aondoke langoni bure, atakataa. Ukimwambia kitanda chake kitahamishiwa ndani ya jumba, atakupa na ufunguo. Kufikia mwaka 1968 hata mabaraza ya mikoa yalikuwa yamefutwa. Babu alikuwa amesharudia muhuri wa zamani.

Jirani zetu Uganda walikuwa na mambo yanayofanana. Katiba yao ya 1962 iliipa Buganda hadhi ya shirikisho. Februari 1966 Milton Obote aliisimamisha katiba hiyo, na Mei jeshi likashambulia lubiri la Kabaka kule Mengo, Kabaka Mutesa akakimbilia uhamishoni. Sisi hatukufyatua risasi hata moja kuua majimbo. Kila hatua ilipitishwa bungeni, ikahesabiwa kura, ikachapishwa katika gazeti la serikali. Zamani nililiona hilo kama jambo la kujivunia. Siku hizi sina uhakika. Kifo cha Mengo kila mtu alikisikia. Cha kwetu kilipita kimya kimya, na watu wakaendelea kunywa chai.

Gharama yake ilikuja polepole. Kiti kimoja chenye nguvu zote kilibaki, na kejeli ya historia ni kwamba kuanzia 1978 kilikaliwa na Moi, yule yule aliyesimama upande wa majimbo akiogopa kiti hicho. Mwaka 1982 katiba ikasema chama ni kimoja tu. Nguvu zikikaa mahali pamoja, uchaguzi unakuwa vita vya kufa na kupona, kwa sababu anayeshindwa anakosa kila kitu: barabara, shule, kazi, hata hati ya shamba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133. Sisemi majimbo yangezuia kila kifo. Mapigano ya ardhi yana mizizi mingi, na majimbo ya kufukuzana yangeweza kuua vile vile. Lakini nadhani watu wanaojua kwamba wakikosa Nairobi bado wanabaki na kitu nyumbani, hupigana kidogo zaidi kwa makaratasi na kidogo kwa mapanga.

Ndipo tukaja kwenye katiba ya 2010. Tarehe 4 Agosti mwaka huo tulipiga kura ya maoni, na tarehe 27 ikatangazwa rasmi. Neno majimbo halimo. Likaja ugatuzi, neno safi lisilo na damu. Si shirikisho kamili kama la Marekani au Nigeria, maana mahakama ni moja, polisi ni mmoja na kodi kubwa zote hukusanywa na taifa. Lakini katiba inasema serikali za ngazi hizo mbili ni tofauti na zinategemeana, na ukisoma kwa makini unaona kwamba walioiandika walikuwa wameuona muhuri wa babu yangu.

Wapi? Katika majibu yale yale manne. Mabunge ya majimbo saba yaliyokuwa makubwa kiasi cha kutishia kujitenga hayakurudi. Badala yake zikaja kaunti 47 zilizofuata mipaka ya wilaya. Kazi zimeorodheshwa, na zahanati ni za kaunti. Pesa hazikuachwa kwa hisani: angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa lazima ziende kaunti. Seneti imerudi, na kwa mambo ya kaunti kila kaunti ina kura moja. Na kufuli limehamishwa. Kubadilisha malengo na muundo wa ugatuzi hakutoshi kuwashawishi maseneta wala kuwapa vitanda ndani ya jumba. Lazima wananchi wote wapige kura ya maoni, na angalau mmoja kati ya watano wa waliojiandikisha ajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi. Mlinzi wa lango sasa ni mimi na wewe na yule mama wa kwenye benchi.

Mahakama nayo imetoa ulinzi wake. Mwaka 2013, mwaka wa kwanza wa kaunti, Seneti ilitaka zipewe shilingi bilioni 258, Bunge la Kitaifa likasema 210, na mswada ukatiwa saini bila Seneti kusikilizwa. Seneti ikaenda Mahakama ya Juu, na Novemba 2013 majaji wakasema kwa wingi kwamba Seneti haiwezi kurukwa katika kugawanya mapato. 

Lakini ule mlango wa njaa, ndugu zangu, haujafungwa. Ile asilimia 15 inahesabiwa kutoka hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, na hesabu hizo zikichelewa, kaunti zinapimiwa kwa kibaba cha zamani. Katiba inataka pesa zipelekwe bila kuchelewa, lakini anayebonyeza kitufe ni Hazina ya Taifa kule Nairobi, na kila mwaka tunasikia magavana wakihesabu miezi. Mwaka 2020 Seneti yenyewe ilivutana kwa miezi juu ya fomula ya kugawana, maseneta watatu wakakamatwa siku moja ya Agosti, na mwafaka ukaja Septemba kwa ahadi kwamba mgao utapanda kutoka bilioni 316.5 hadi 370. Wakati wote huo wazee wazima walikuwa wakipigana juu ya karatasi, na kuna zahanati iliyokuwa ikisubiri paracetamol.

Kaunti 47 haziwezi kuigawa nchi, na hilo ni jema. Lakini kaunti moja ndogo mbele ya Hazina ni kama karani mbele ya bosi wake. Nguvu yake ni kusema kwa sauti, na sauti hiyo inapitia kwetu sisi wa magazeti. Sasa mnaelewa kwa nini niliona haya. Mwaka 1963 wananchi waliacha kwenda ofisi ya jimbo kwa sababu waliiona haina kitu, na hakuna aliyewaeleza kwa nini haina kitu. Mimi nilirudia kosa hilo hilo kwa herufi kubwa. Niliwaambia wasomaji zahanati tupu ni aibu ya kaunti, nikamwacha aliyeshika mfuko akae kivulini. Na pengine kuna kaunti nyingine ambako pesa zilifika na gavana akajificha nyuma ya Nairobi. Nguvu zikigawanywa, lawama nazo hugawanyika, na kila upande hufurahi ukipata mwandishi asiyejua kuhesabu.

Nilimwomba mhariri nafasi ya kuandika upya. Alinuna kidogo, akasema habari imepoa, kisha akanipa nusu ukurasa. Safari hii niliandika tarehe: siku mgao uliotakiwa kutoka, siku ulipotoka, siku ulipofika kwenye akaunti ya kaunti, na siku muuguzi alipolipwa. Kati ya tarehe ya tatu na ya nne kulikuwa na wiki mbili ambazo kaunti haikuweza kunieleza. Kwa hiyo kila mtu alipata sehemu yake. Yule muuguzi alinitumia ujumbe wa neno moja, "Sawa." Sijui kama ni pongezi.

Babu nilimpelekea gazeti. Alilisoma polepole, miwani puani, akafika mwisho akalikunja. "Hizi tarehe," aliniambia, "endelea kuziandika kila mwezi. Sisi hakuna aliyetuandikia."

Nimenunua daftari. Kama wewe unafanya kazi kwenye zahanati, bunge la kaunti au ofisi yoyote inayosubiri pesa, na unazijua tarehe zako, niandikie. Jina lako litabaki kwangu.

Haya, tuonane wiki ijayo, inshallah.